Nyuzi za Mtende Juu ya Chumba cha Mama

Jumamosi, 16 Juni 2001

Badr kaja. Sikumwalika. Nimekaa zangu sebuleni, nyumbani kwangu Ghubra, hapa Muscat, nakunywa chai, mara mdogo wangu huyo anaingia na kipande cha ubao mweupe wa povu, ule unaofungiwa televisheni mpya ndani ya boksi. Kakishika kwa mikono miwili kama kombe la mpira. Kasema nyumba yake mpya ya Ansab imejazwa kitu hicho ndani ya kuta na juu ya paa. Kisha akakiweka kwenye kiganja cha Mama, na juu yake akatua birika la chai ya moto. Mama akangoja kuungua. Hakuungua. Akasema mashaallah! Mama mwenyewe! Mimi nilipopandishwa cheo wizarani aliuliza tu kama nimekula.

Basi hapo ndipo Badr alipolitoa lililomleta. Anataka Mama ahamie kwake. Loh! Mama anakaa kwangu tangu Baba alipofariki. Mimi ndiye mkubwa. Lakini ni kweli, Mama kiyoyozi hakiwezi, kasema kinamwingia mifupani, na bila kiyoyozi chumba chake ni tanuri. Paa ni zege tupu na jua la alasiri lote ni lake. Kwa Badr, kasema Badr, mashine ikizimwa alfajiri chumba hubaki baridi mpaka adhuhuri.

Mama kasema kwa upole, bila ya kunitazama, kwamba amechoka kulala ametota jasho. Ijumaa ya tarehe 29 ataamua akae wapi. Sote wanawe, kasema, "lakini joto, mwanangu, halijui mkubwa wala mdogo."

Watu watasema mtoto mkubwa kashindwa kumtunza mama yake. Hilo linaniudhi, lakini silo linalonikosesha raha. Kila alfajiri namsikia Mama akikohoa kidogo kabla ya kuamka kuswali, nami hujua nyumba iko salama. Sitaki kuamka siku moja nisisikie kitu.

Nimetangaza mbele ya wote kwamba nitakipoza chumba kile bila mashine na bila mapovu ya Badr. Badr kauliza kwa kutumia nini. Nikamwambia ataona. Muhsina, mke wangu, kaniuliza hivyo hivyo Badr alipoondoka. Nikamwambia naye ataona. Hata mimi nangoja kuona.

Jumatatu, 18 Juni

Nimeona! Tumekwenda Barka shambani kwa mjomba wake Muhsina. Mitende inasafishwa. Chini, marundo ya lif, zile nyuzi za kahawia zinazolivika shina la mtende kama fulana. Zinatupwa! Zinachomwa moto! Nikaingiza mkono ndani ya rundo lililokuwa juani tangu asubuhi. Juu moto, ndani baridi. Nikapiga ukelele, mjomba akadhani nimeumwa na nge.

Miti ya Mwenyezi Mungu inavaa kitu hiki miaka na miaka katika jua hili, na hakuna mtende uliowahi kulalamika. Badr na mapovu yake ya kununua!

Nimejaza gari mpaka madirishani. Muhsina kauliza yeye akae wapi. Nikamwambia kuna nafasi nyuma, akijikunja. Kapanda gari la mjomba wake. Mimi nimefika Ghubra nawashwa shingo, mgongo na mahali pengine nisipopaandika.

Jumanne, 19 Juni

Majaribio. Nimechukua sufuria ya wali iliyotoka jikoni, nikaivika lif pande zote, nikaiacha mezani. Baada ya Isha wali bado unatoa moshi. Ushindi! Nimewaita watu wote waje waone.

Muhsina kautazama wali, kanitazama mimi. Kasema ikiwa kitu hiki kinauweka wali moto mpaka usiku, basi nataka kumpika Mama. Nikamwambia wali si mtu.

Hapo akatokea Japheth, mpangaji wetu wa chumba cha uani. Mkenya wa Kakamega, mwalimu wa fizikia katika shule moja hapa Ghubra. Kwa mshahara wake hulipwa kufundisha saa za kazi. Saa nyingine hufundisha bure, utake usitake. Kajipakulia sahani kutoka kwenye majaribio yangu na hotuba ikaanza. Kasema lif haijui ndani wala nje. Kazi yake ni kulichelewesha joto tu. Likiwa ndani linachelewa kutoka, likiwa nje linachelewa kuingia. "Na si hizo nyuzi zinafanya kazi, Mzee. Ni hewa. Nyuzi ni askari wa geti tu, zinashika hewa isitembee. Usizikandamize, na zisione maji hata kidogo."

Hewa! Nimekwenda mpaka Barka, nimewashwa mwili mzima, kumbe kazi inafanywa na hewa! Muscat nzima imejaa hewa na sote tunaungua. Mtu katoka Kakamega, ambako mvua inanyesha kila alasiri na watu wanavaa sweta, aje anifundishe mimi joto.

Kaongeza sahani ya pili.

Alhamisi, 21 Juni

Nimefikiri sana. Lif mbichi ina vumbi, ina wadudu, na inawasha. Kwetu Unguja hakuna mwanamke aliyetumia makumbi ya nazi hivi hivi. Juzi nilimuuliza Mama, kwa ujanja, walikuwa wakifanya nini ili kupata usumba wa magodoro. Uso ukamng'aa. Kasema, "Nnakumbuka kama jana. Tukiyafukia pwani kwenye tope, tunayawekea mawe, maji ya bahari yanayalainisha, kisha tunayatwanga." Akauliza kwani nna haja gani. Nikasema maarifa tu.

Huo ndio ujuzi! Haukuandikwa katika kitabu cha Japheth. Kwamba yale yalikuwa makumbi na haya ni lif, hiyo ni tofauti ndogo. Mnazi na mtende ni ndugu.

Pwani ya Ghubra haifai, mke wa Badr hutembea pale jioni. Nimekwenda Yiti. Barabara ya milimani imenitikisa mpaka meno. Lakini tope la pale ni tope la haki, limenikumbusha nyumbani. Nimefukia magunia yote ya lif katika khori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, nimeyawekea mawe, nimepandisha suruali mpaka magotini. Wavuvi wawili walisimama mbali wakinitazama. Nikawapungia mkono. Hawakupunga.

Muhsina kanusa nguo zangu kaziweka nje.

Jumatatu, 25 Juni

Ya leo ni aibu, nitaandika kwa ufupi.

Nimetoka kazini moja kwa moja mpaka Yiti. Magunia hayapo. Mahali pake pamechimbwa. Kisha nikaona umati wa wanaume chini ya kibanda cha nyavu, na magunia yangu yamepangwa mbele yao kama mashahidi. Wale wavuvi walikuwa wamekwenda kuwaambia wenzao kwamba mtu wa mjini mwenye miwani kafukia kitu usiku. Haikuwa usiku! Ilikuwa alasiri! Kijiji kizima kimechimba. Walitarajia pombe, au maiti. Wamekuta lif.

Nafikiri wangenielewa zaidi kama ingekuwa maiti. Nikawaeleza kwa Kiarabu kwamba nataka kupoza chumba cha mama yangu. Mzee mmoja kauliza kwa nini basi nimeziroweka. Nikasema ndiyo desturi ya kwetu. Kauliza kwetu wapi. Nikasema Zanzibar. Wote wakatikisa kichwa kwa pamoja, "Aaa, Zinjibar," kana kwamba jambo limeeleweka na mgonjwa amejulikana ugonjwa wake. Wakanipa kahawa na halua, wakanisaidia kupakia. Watu wema. Nilitamani ardhi inimeze.

Gari linanuka khori. Leo sikusimamisha mahali popote.

Jumatano, 27 Juni

Nimezitwanga. Nimezianika uani, lakini mwezi huu hewa yenyewe unaweza kuikamua, na nyuzi hazitaki kukauka. Ukizishika unyevu, ukizishika tena unyevu. Japheth kapita, kaonja kidole, katema. Kasema ni chumvi ya bahari, inanyonya unyevu kutoka hewani na itaendelea kunyonya, na nyuzi zilizolowa zinalipitisha joto badala ya kulizuia. "Mzee, umejengea joto barabara ya lami." Nikamwambia asante, nina shughuli.

Tarehe 29 ni keshokutwa. Mstahimilivu hula mbivu, lakini si yule aliyebakiwa na siku mbili.

Nimepandisha juu ya paa gunia moja moja, kwa kamba. Nikazitandaza juu ya chumba cha Mama. Zikajaa mpaka kiunoni na nusu ya magunia bado iko chini! Sasa mtu mwenye akili afanye nini? Nimezikanyaga. Nimezikanyaga kutoka ukuta mpaka ukuta kwa miguu mitupu, nikaongeza, nikakanyaga, nikapanga matofali ya zege juu yake zisinyanyuke. Zote zimeingia! Ngumu kama zulia la msikitini. Juu kabisa nimefunika turubai jeusi, kwa sababu jeupe huchafuka.

Nilipoteremka Japheth alikuwa amesimama uani ameshika kichwa. Hakusema neno. Nadhani ni mara yake ya kwanza.

Alhamisi, 28 Juni

Kipimajoto cha chumba cha Mama saa tisa alasiri: 39. Wiki iliyopita kilikuwa 37.

Nimekitikisa. 39.

Hayo si yote. Jua limelipiga turubai jeusi, turubai limezipika nyuzi, nyuzi zimetoa maji, na maji yametafuta ufa katika zege. Kamba hukatika pabovu. Mama alikuwa katika sijda ya adhuhuri. Tone la kahawia limemwangukia shingoni. Kaendelea kuswali, Mungu ampe umri. Alipomaliza kasema chumba kinanuka kama soko la samaki la Malindi, Unguja, siku ya Jumapili.

Nimechoma udi. Moshi umeongeza joto. Nimeongeza udi. Muhsina kasimama mlangoni kajifunika pua, kasema la kuvunda halina ubani. Nikamwambia leo sitaki methali.

Mama kalala sebuleni. Nimemsikia akigeuka na kugeuka. Nina hasira na kila mtu, na zaidi na zile nyuzi, ambazo kwenye mtende zilikuwa zinafanya kazi vizuri kabisa bila ya mimi.

Ijumaa, 29 Juni

Nilikuwa na mpango. Na ulikuwa mpango mzuri, waseme watakalosema.

Alfajiri nimekwenda Mutrah sokoni nikachukua mapande ya barafu kwa wauza samaki. Nimeyatia ndani ya mabeseni, mawili chini ya kitanda cha Mama, moja nyuma ya kabati, moja ndani ya kabati nimelifunika kwa mablanketi. Nikafunga mlango na madirisha. Dhamira haikuwa kudanganya. Nilitaka Mama aonje jinsi chumba kitakavyokuwa lif itakapozoea paa.

Baada ya swala Badr kaja, na kipimajoto chake mfukoni, kwani changu hakiamini. Tukaingia sote. 27! Nimeuona uso wa Badr ukiporomoka. "Wallahi, kaka," kasema, "sikutegemea." Kanipa mkono. Kakunja midomo. Ile ilikuwa dakika tamu kuliko zote za mwaka huu na naiandika hapa isipotee.

Mama kakaa kitandani. Kavuta pumzi. Kasema kweli kuna ubaridi, ubaridi mzuri, haumwingii mifupani. Nikaanza kueleza habari ya mtende na fulana yake. Nilieleza kwa urefu. Hilo ndilo lililoniponza. Muda wote huo barafu ilikuwa inayeyuka, na mabeseni hayana subira. Mama akateremsha miguu avae viatu, akayakanyaga maji. Sote tukatazama chini. Kijito kilikuwa kinatoka chini ya kitanda, taratibu, kinavuka chumba, na katikati yake anaelea dagaa mmoja, kichwa mbele.

Badr kainama kachungulia uvunguni. Kacheka mpaka kakaa chini, ndani ya maji, na dishdasha yake nyeupe ya Ijumaa.

Mama hakucheka. Yaani alianza kucheka, kisha machozi yakamtoka, na sikujua ni ya nini. Kanishika kichwa kama nilipokuwa mdogo. Kasema, "Marhoon mwanangu, mi nilikuwa nshaamua kubaki. Tangu siku ile ya birika. Lakini siwezi kulala na khori juu na samaki chini."

Kaondoka na Badr kabla ya Asri. Kachukua mswala wake, nguo na chetezo. Nimembebea sanduku mpaka garini. Badr alikuwa na adabu ya kutosema kitu, na hilo ndilo lililonikata zaidi.

Jumanne, 3 Julai

Alfajiri nne bila ya kikohozi. Leo nimeamka saa kumi nikakaa kitandani nikisikiliza friji. Nimemwambia Muhsina kwamba nimempoteza Mama kwa upumbavu wangu. Kanipa chai, hakubisha.

Nilipotoka kazini nimekuta watu juu ya paa langu. Bila ruhusa! Muhsina kampigia simu mjomba wake, mjomba kaleta pikapu nzima ya lif kavu kutoka Barka, na Japheth, ambaye shule imefunga na hana wa kumhutubia, kapanda juu na mkewe Pauline. Mzigo wangu wote umetupwa chini. Wametengeneza fremu za mbao zilizoinuliwa kidogo juu ya zege, wakazichambua nyuzi kwa vidole, wakazimwaga hafifu kabisa, laini, kama sufi ya mto. Juu wakafunika bodi nyembamba waliyoipaka chokaa. Nyeupe! Nimewaambia itachafuka. Pauline kasema basi mtaipaka tena.

Nilikuwa na maoni mengine. Hakuna aliyeuliza.

Jioni Mama kapiga simu. Ansab kuna ubaridi, alhamdulillah, lakini nyumba imezibwa kila upande. Joto haliingii, wala adhana haiingii, wala jirani. Badr na mkewe wanakwenda kazini asubuhi, naye anabaki anazungumza na saa ya ukutani. Kauliza kama chumba chake bado kinanuka. Nikasema kidogo. Kauliza kidogo kiasi gani. Nimeishika simu kwa mikono miwili.

Alhamisi, 5 Julai

Saa tisa alasiri, jua linatoboa, mashine imezimwa: 31. Nimelala kitandani kwa Mama kuhakikisha. Nimelala kweli, nimeamka adhana ya Asri, shati kavu. Hakuna harufu. Nimelia kidogo, peke yangu, naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Mama anarudi kesho baada ya swala! Badr mwenyewe atamleta. Kasema kwenye simu kwamba anamwomba Japheth akamwangalizie banda lake la magari. Sikumwambia kwamba wazo lilikuwa langu. Nitamwambia kesho, mbele ya watu.

Nikapanda juu kutazama. Kutazama tu. Nikafunua bodi moja, nikatia mkono. Loh! Mkono umezama mpaka kwenye kiwiko bila ya kugusa kitu! Nimefunua ya pili. Hivyo hivyo. Utupu! Nyuzi chache zinaelea, mtoto anaweza kuzipuliza. Hiki ndicho walichomwekea mama yangu juu ya kichwa? Kinachopoza sasa, nani ajuaye mwezi wa nane kitafanya nini? Nilibonyeza kwa kiganja na zikashuka mpaka robo. Robo! Nafasi yote iliyobaki imeachwa bure, na mzigo wangu wa Yiti, uliolainishwa kwa desturi, umelala uani haufanyi kazi.

Japheth na Pauline wamekwenda Ruwi. Muhsina kalala.

Nimejaza fremu zote. Nimekandamiza kwa goti, kisha kwa miguu miwili, yakaingia magunia manne na bado kulikuwa na nafasi. Vumbi lilikuwa linaruka, basi nimemwagia ndoo mbili za maji zitulie. Bodi zimegoma kufunga mpaka nilipoziwekea matofali. Sasa imara. Ukigonga inalia kama ukuta.

Nimeteremka nimelowa mpaka magotini, nawashwa shingo, na moyo wangu umetulia kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Kesho Mama hatalala chini ya hewa tupu.